Maboksi yasiyo na asidi kwa makabrasha ya mwongozaji wa opera: uzoefu wangu, Tabora

Seti ina maboksi, majalada na mifuko ya plastiki ya picha. Nimeitumia kwa makabrasha ya mwongozaji wa opera aliyefanya kazi nje, ambayo familia iliyarudisha Tabora: vitabu vya nota, barua, mikataba, picha, michoro ya jukwaa. Maboksi nayapa nyota 4, mifuko nyota 1.

Boksi lenyewe ni la kweli. Kalamu ya kupimia asidi iliacha mstari wa zambarau kwenye kona ya ndani; jalada la manila la dukani lilitoa njano, yaani lina asidi, ile inayofanya karatasi iwe kahawia na kukatika ukiikunja. Pima boksi, usipime waraka, maana wino huo hautoki.

Majalada yametiwa kalsiamu kaboneti kupunguza asidi. Kwa barua na nota inafaa sana. Bluprinti za jukwaa, yaani michoro yenye mistari meupe juu ya buluu, ndizo zisizoiweza: rangi yake ya buluu hupauka ikigusana na alkali kama hiyo kaboneti, na maelezo ya muuzaji hayasemi lolote. Zitafutie karatasi isiyo na asidi wala kaboneti, uzilaze bila kuzikunja.

Mifuko inanuka kama koti jipya la mvua. Hiyo ni plastiki ya PVC: inanata kwenye picha na kubandua wino wa fotokopi. Nunua ya plastiki ya poliesta.

Kazi kubwa iko kwenye kitabu cha mwongozaji, yaani nota za waimbaji zilizopachikwa kurasa nyeupe katikati, zimejaa alama za penseli za nani aingie lini na kwa upande gani. Karatasi za kunata zipigwe picha zikiwa mahali pake kabla hujazitoa. Ukishaibandua, huwezi tena kujua ilihusu mstari upi wa nota. Pini ya stepla yenye kutu usiivute kwa kucha. Pitisha kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, nyanyua miguu yake kwa kisu butu, geuza karatasi, ndipo uitoe. Na tafadhali, laminesheni hapana: moto ule haurudi nyuma.

Boksi lisibane, wala lisiwe nusu tupu, maana karatasi zitapinda. Jazia kadibodi isiyo na asidi.

Lisichoweza boksi hili ni unyevu na mchwa. Mvua za Novemba hadi Aprili zikipandisha unyevu wa chumba juu ya asilimia 65, ukungu hauchelewi. Weka kipima unyevu, tumia rafu ya chuma iliyoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni, na isiguse ukuta, kwa sababu mchwa hupandia hapo. Silika jeli, vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu, ndani ya boksi la karatasi hushiba upesi. Inafaa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Faksi za zamani zitoe fotokopi mapema. Karatasi zile zinazochapwa kwa joto hufifia hata ndani ya boksi zuri.