Kupima kingamwili za mdondo baada ya chanjo, uzoefu wangu

Wafugaji wenzangu mnaouliza kama kuna haja ya kupeleka damu ya kuku maabara baada ya kuchanja, mi nasema haja ipo tena kubwa, ila majibu yakija msiangalie wastani tu. Leya wangu (kuku wa mayai) walichanjwa mdondo (wengine mnaita kideri) kwa njia ya maji, tukasubiri kama wiki tatu kingamwili (askari wa mwili wanaopigana na ugonjwa) zipande ndo dokta akaja kutoa damu kwenye mshipa wa bawa. Hapo msikimbizane na muda, sirinji inalazwa damu igande yenyewe bila kutikiswa mpaka yale maji ya njano (ndo seramu) yajitenge, ikitikiswa seramu inakuwa nyekundu na maabara wataikataa.

Kipimo ni ELISA, kile cha sahani ya vishimo 96, seramu ikiwa na kingamwili kishimo kinageuka bluu na wakiweka asidi kinakuwa njano, kadiri rangi inavyokolea ndo kingamwili nyingi, alafu mashine inasoma. Majibu yangu wastani wa kingamwili ulikuwa mzuri kabisa ukiuona unaweza kulala usingizi, lakini CV ilikuwa imepita asilimia 80! Hiyo CV ndo inakuonyesha kuku wako wamepishana kiasi gani, ikiwa chini ya 30 ni safi sana. Kucheki namba za kuku mmoja mmoja, wengine wako juu huko na wengine karibu na sifuri, yani wale wanyonge wanaosukumwa kwenye vyombo vya maji hawakupata kitu. Dokta akasema turudie kwa tone la jicho, kuku mmoja mmoja, kazi inachosha jamani ila kipimo cha pili namba zilikaribiana na roho yangu ikatulia.

Kilichonikera ni kusubiri, ile maabara walikaa na sampuli zangu wakingoja za wengine sahani ijae na hawakusema mapema. Ulizeni kabla ya kulipia. Na mjue ELISA haitofautishi kingamwili za chanjo na za ugonjwa wenyewe, kwa hiyo tarehe za chanjo ziandikwe kwenye fomu.

Wenye kanga pia semeni mapema, vipimo vingi vya ELISA vimetengenezwa kwa kuku, kwa kanga waombeni kipimo kingine kinaitwa HI, kile cha kutumia chembe nyekundu za damu, chenyewe hakichagui ndege.