VPN kwa Wanaotumia Waifai za Watu Dar es Salaam: Ipi Uichukue, Ipi Uifute

Kwa mkazi wa Dar anayefanyia kazi kwenye waifai ya mgahawa, hosteli, gesti au uwanja wa ndege, jibu langu ni hili. Anza na Proton VPN ya bure. Kama kazi yako inabeba siri za watu wengine na una kadi inayolipa mtandaoni, nunua Mullvad. Na kama simu yako ina VPN ya bure ambayo hujui mwenyewe ni nani, ifute leo, hata kama hujaamua utaweka ipi badala yake.

Ukali wa sentensi hiyo ya mwisho una sababu. VPN haimwondoi mtu anayeweza kuona mambo yako, inambadilisha. Ukiwa kwenye waifai ya mgahawa pale Mlimani City, wanaoweza kuona unatembelea tovuti gani ni mwenye ruta na kampuni inayompa intaneti. Ukiwasha VPN, simu inasimba kila kitu kabla hakijatoka, na mwenye ruta anabaki kuona data isiyosomeka ikielekea kwenye seva moja tu, ya kampuni ya VPN. Lakini kwenye seva hiyo usimbaji wa VPN unafunguliwa, na mwenye seva sasa amekaa palepale alipokuwa amekaa mwenye ruta. Kwa hiyo unachonunua hasa ni uaminifu wa kampuni. Kasi na idadi ya nchi ni mambo ya baadaye.

Hatari yenyewe ni ipi

Wauzaji wa VPN hutia chumvi sana, kwa hiyo tuseme ukweli. Mwaka 2010 Eric Butler, mtengeneza programu wa Marekani, alitoa Firesheep, kiongezi cha Firefox kilichomwezesha mtu yeyote aliye kwenye waifai ya wazi kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya aliyekaa meza ya pili. Kelele zilizofuata zilisaidia kuzisukuma tovuti kubwa zihamie HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa kati yako na tovuti. Leo nenosiri lako la benki au la barua pepe linasafiri likiwa limesimbwa hata bila VPN.

Kinachobaki wazi ni majina ya tovuti unazofungua, ambayo peke yake yanaweza kusema mengi: zahanati gani, mkopo gani, chama gani. Kinabaki pia kile kinachotumwa na programu zilizotengenezwa ovyo. Halafu kuna waifai ya bandia, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mtu anawasha hotspoti, anaipa jina lilelile la mgahawa, na simu yako iliyozoea jina hilo kwenye mtandao usio na nenosiri inaweza kuunganika bila kukuuliza. Kisha unaletewa ukurasa mzuri wa kukukaribisha unaoomba barua pepe na nenosiri. Ukurasa huo huja kabla VPN haijapata njia ya kutoka, kwa hiyo hapo VPN haikusaidii. Usiandike kwenye ukurasa kama huo nenosiri lolote unalolitumia kwingine.

Kuna na suala la simu yenyewe. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alionyesha udhaifu katika WPA2, ulinzi unaotumiwa na ruta nyingi. Marekebisho yalitolewa, lakini simu hupona ikipata sasisho. Simu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo zimeshaachwa na watengenezaji wake. Mwenye simu ya namna hiyo anaihitaji VPN kuliko mwenye simu ya mwaka huu.

Kabla hujatoa hata shilingi, fikiria bando lako mwenyewe. Kulipa ada ya shule, kuingia kwenye akaunti ya benki, kutuma nakala ya kitambulisho cha NIDA: kazi ya dakika tano kama hiyo izimie waifai na utumie laini yako. Ni ulinzi wa bei ndogo kuliko wote nitakaoutaja.

Sheria, kabla ya bei

Oktoba 2023 TCRA ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN kutoa taarifa za VPN hizo, pamoja na anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho kwenye intaneti), kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Msingi wake ni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zinazokataza teknolojia ya kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote kwa pamoja. Soma maelekezo ya TCRA yanayotumika siku unayonunua, na ujisajili kama yanavyotaka. Ukifika kwenye sehemu ya anwani ya IP utakutana na ugumu: VPN za kawaida hubadilisha anwani kila unapobadili seva, na anwani isiyobadilika huuzwa kama nyongeza na baadhi ya kampuni tu. Anayenunulia ofisi aulizie hilo mapema.

Upande wa pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukiwa unashika taarifa za wagonjwa, wanafunzi, wateja au wafanyakazi, ni wajibu wako kuzilinda. Ofisa anayefungua mafaili hayo kwenye waifai ya hoteli bila kinga yoyote anacheza na taarifa za watu wengine.

Ya kwanza: Proton VPN

Ni ya kampuni ya Uswisi iliyoanza na barua pepe, kisha ikatoa VPN mwaka 2017. Huduma yake ya bure haina kikomo cha data kwa mwezi na haina matangazo. Mipaka yake ni kwamba unaitumia kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja, huchagui nchi mwenyewe, na jioni watu wakiwa wengi inaweza kuzubaa. Msimbo wa programu zake uko wazi na umekaguliwa na watu wa nje.

Naiweka juu kwa sababu kwenye swali muhimu kuliko yote kuhusu kitu cha bure, yaani nani analipa, jibu lake linaeleweka: wateja wa huduma ya kulipia ndio wanaowabeba wengine. Mwanafunzi wa hosteli za Mabibo asiye na kadi anapata ulinzi uleule wa msingi anaoupata mwenye mshahara. Hilo ni jambo kubwa, na ni nadra.

Jua pia mipaka ya ahadi. Mwaka 2021 kampuni hii ililazimishwa kisheria nchini Uswisi kurekodi anwani ya IP ya mwanaharakati wa Ufaransa aliyekuwa akitumia barua pepe yake. Ilikuwa barua pepe, si VPN, na kampuni ilieleza kwamba sheria ya huko inavitenganisha vitu hivyo viwili. Hata hivyo kila kampuni ina nchi yake, na kila nchi ina mahakama zake.

Ukitaka ya akiba, Windscribe ya Canada inatoa GB 10 za bure kwa mwezi ukithibitisha barua pepe. Kwa kusoma na kuandika zinatosha. Kwa video hazifiki mbali.

Ya pili: Mullvad, kwa anayeweza kulipa

Hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi, na imekosa nafasi ya kwanza kwa sababu ya pochi za watu tu. Ni ya Sweden, na bei yake ni euro 5 kwa mwezi tangu 2009, iwe unalipa mwezi mmoja au mwaka mzima. Kwa hela yetu ni karibu shilingi 15,000, ikipanda na kushuka na kiwango cha kubadilisha fedha. Haikuombi jina wala barua pepe: unapewa namba ya akaunti, basi. Namba hiyo itunze vizuri, kwani ukiipoteza hakuna barua pepe ya kukurudishia. Akaunti moja inabeba vifaa 5.

Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika kwenye ofisi zake za Gothenburg wakiwa na hati ya upekuzi, wakitaka taarifa za wateja. Waliondoka mikono mitupu, kwa sababu kampuni haikuwa na taarifa hizo. Kampuni karibu zote zinaandika kwamba hazitunzi kumbukumbu za yale wanayofanya wateja. Hii ilijaribiwa mlangoni kwake. Mwandishi wa habari, mwanasheria, au mtu wa shirika linalohudumia waathirika wa ukatili anapata hapa thamani ya pesa yake.

Ya tatu: WARP ya Cloudflare

Inakuja kwenye programu iitwayo 1.1.1.1, ni ya bure na haihitaji akaunti. Haikusudiwi kukuficha kwa tovuti unazotembelea, na huchagui nchi. Inachofanya ni kusimba njia kati ya simu yako na mtandao wa Cloudflare, na kwa mtu ambaye shida yake ni waifai ya mgahawa tu, hilo ndilo hitaji lenyewe. Kwa mzazi asiyetaka kubofya mambo mengi, hii inafaa sana.

Ya nne: majina makubwa ya matangazo

NordVPN, ExpressVPN na Surfshark zinafanya kazi na zina kasi. ExpressVPN nayo ilipita mtihani: mamlaka za Uturuki zilichukua seva yake katika upelelezi wa mauaji ya balozi wa Urusi, na mwaka 2017 ikajulikana kwamba hazikukuta kumbukumbu zozote. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunuliwa na Kape Technologies kwa dola milioni 936. NordVPN iliingiliwa kwenye seva moja ya Finland mwaka 2018, habari zikatoka Oktoba 2019. Sipendi kimya hicho cha katikati.

Kinachowaumiza wanunuzi wengi ni bei. Ile ndogo unayoiona ni ya kipindi cha kwanza, ukilipia mwaka au miaka 2 kwa mkupuo. Muda ukiisha kadi inakatwa tena yenyewe, kwa bei ya juu. Ukinunua, zima kujirudia kwa malipo siku hiyohiyo.

VPN iliyomo ndani ya kivinjari cha Opera ni ya bure, ila katika hali ya kawaida inalinda yanayopita ndani ya kivinjari hicho. WhatsApp na barua pepe zako zinabaki nje. Nisingeihesabu kama VPN ya simu nzima.

Ya kufuta

Andika VPN kwenye Play Store uone utitiri unaoibuka. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikuwa zikisimba chochote. Yaani mtu anawasha kinga, anaona kialama cha ufunguo juu ya skrini, na data yake inapita uchi.

Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN ya bure, ilikuwa ikiuza intaneti ya watumiaji wake wa bure kwa watu wengine. Julai 2020 kumbukumbu za watumiaji wa UFO VPN na wenzake kadhaa zilikutwa wazi mtandaoni, wakati zote zilikuwa zimeahidi kutotunza kumbukumbu. Onavo, VPN iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilitumika kuipa Facebook taarifa za jinsi watu wanavyotumia programu nyingine. Mwaka 2023 mahakama ya Australia ilizitoza kampuni tanzu za Facebook faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo. Hao ni wenye majina. Wale wasio na hata anwani ya ofisi utamdai nani?

Bando, malipo na mipangilio

VPN inakula bando zaidi kidogo. Itifaki (njia ya kusimba na kusafirisha data) ya WireGuard, ambayo ningekushauri uichague popote inapopatikana, huongeza baiti 60 hivi kwenye pakiti (kipande kimoja cha data) ya takriban baiti 1,500, karibu asilimia 4. Itifaki nyingine, OpenVPN, kwa kawaida huongeza zaidi. Kwa kasi, chagua seva iliyo karibu: Johannesburg kwa kawaida itakuwa na ucheleweshaji mdogo kuliko Marekani.

Huduma nyingi hazipokei pesa za simu moja kwa moja. Utahitaji kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, au kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti ya pesa za simu. Weka humo kiasi cha mwezi mmoja tu, na ujaribu mwezi huo kabla ya kulipia mwaka.

Usitegemee VPN mahali isipofika. Ukibonyeza *150*00# au *150*60#, ombi lako linapita kwenye mtandao wa simu, si kwenye intaneti, VPN hailigusi. Wala haimzuii tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Na programu ya benki ikikataa kufunguka ukiwa na VPN, zima waifai, zima VPN, tumia bando, kisha uwashe tena.

Kwenye Android ingia kwenye mipangilio ya mtandao, fungua VPN, gusa alama ya gia, uwashe kipengele cha VPN kuwa hewani muda wote na kile cha kuzuia muunganisho usiopita kwenye VPN. Bila hivyo waifai ikiyumba VPN inakatika, na simu inaendelea kutuma data bila kinga wala taarifa. Futa pia majina ya waifai za zamani ambazo simu inazikumbuka. Halafu fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP, kwanza VPN ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Kama namba ni ileile mara zote mbili, usiingie kwenye akaunti yoyote mpaka ujue kwa nini.