Kozi ya uhasibu mtandaoni: mwalimu niliyemwona ni yule anayejibu

Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, na juzi nimemaliza kozi ya uhasibu inayofundishwa mtandaoni kutoka Kinshasa. Nilitaka kuielewa vizuri SYSCOHADA, mfumo wa hesabu uliotufikia baada ya Kongo kuingia mwaka 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara. Kozi iko kwenye Moodle, programu ya kufundishia mtandaoni. Ukishapakua masomo kwenye simu, unasoma hata mega za intaneti zikiisha.

Video ni za kawaida tu. Kilichonishika ni mwalimu. Niliuliza kwenye ukurasa wa maswali: gharama ya lori linaloleta vigae kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, naiandika wapi? Hakunitajia akaunti. Alinirudishia swali: "Lori amelilipa nani, na ankara ina jina la nani?" Mwenzetu wa Likasi akaleta mfano wa duka lake, mwingine akampinga, wakabishana mchana kutwa. Mwalimu aliwaacha. Usiku ndipo akaingia na kuwaambia kwamba wote wawili wamesahau ushuru wa mpakani. Somo hilo silisahau.

Shuleni tulizoea mwalimu asimame ubaoni, sisi tunanakili. Huyu somo alishalipanga mapema, kwa hiyo muda wake aliutumia kusoma tulichoandika. Mwaka 2000 Garrison, Anderson na Archer, watafiti wa Kanada, waliandika kuhusu uwepo wa mwalimu katika masomo ya mbali: kupanga somo na kuongoza majadiliano nako ni kuwapo. Mimi nimeyaona kwa macho yangu. Kazi zetu zilirudi na maelezo ya sauti, ananiita kwa jina, anapita mstari kwa mstari kwenye akaunti 57, ile ya keshi, akiuliza risiti iko wapi.

Ubaya upo. Kipindi cha moja kwa moja huanza saa kumi na mbili jioni kwa saa za Kinshasa, kwetu saa moja, wakati tunafunga duka. Kibaya zaidi, sehemu ya mwisho alipewa mtu mwingine. Video zilikuwa nzuri kama za mwanzo, lakini kila swali alilijibu "rudia video". Ukurasa wa maswali ukakauka, na wenzangu kadhaa wakaacha hapo hapo.

Sehemu za mwanzo nazisifu bila kusita. Ukitaka kujiandikisha, kabla ya kulipa uliza nani atajibu maswali yako mpaka mwisho, na ana wanafunzi wangapi.