Alpha Protocol: wakala wa Uyole ajaribu ujasusi

Mchana mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Uyole, Mbeya, jirani na njia panda ya kwenda Tukuyu. Usiku, tangu baridi ya Juni ianze kuuma, nimekuwa wakala wa namna nyingine ndani ya gemu la kompyuta liitwalo Alpha Protocol: Michael Thorton, jasusi wa Kimarekani aliyetoswa na wakubwa zake, anayehangaika Roma, Moscow na Taipei kutafuta mkono uliokuwa nyuma ya kombora lililodungua ndege ya abiria. Blanketi mabegani, chai ya tangawizi pembeni, na pedi ya kuchezea gemu niliyoazima kwa mdogo wangu anayesoma chuo Iringa. Yeye ndiye aliyenitia kwenye ugonjwa huu.

Gemu lenyewe ni la zamani. Lilitengenezwa na kampuni ya Obsidian ya California, likatolewa na Sega mwaka 2010. Mwaka 2019 likaondolewa sokoni kwa sababu ya haki za muziki, na halikurudi mpaka 2024, kupitia GOG, duka la magemu la mtandaoni. Hapo nawashukuru, maana ukishalipakua halikudai intaneti tena. Lilimaliza vifurushi vyangu viwili vya usiku kushuka, lakini sasa hata mtandao ukikata nacheza, na umeme ukikata nacheza mpaka betri ya laptopu iseme basi.

Kilichonishika ni mazungumzo. Mtu anaongea na Thorton, chini kuna mstari unafupika, na kabla haujaisha lazima uwe umechagua: umjibu kikazi, umjibu kwa mbwembwe, au umjibu kibabe. Wakati mwingine linatokea jibu la nne, la pekee. Ukizubaa, gemu linakuchagulia. Ukishajibu umejibu, hakuna kurudi nyuma kusikiliza jibu jingine lingezaa nini. Kwa sisi ambao Kiingereza tulikiacha kidato cha nne, sekunde zile ni chache kweli. Bahati nzuri majibu yameandikwa kwa neno moja au mawili tu, kwa hiyo unachagua sauti, siyo sentensi. Mara kadhaa nilichagua sauti kisha nikashtuka kumsikia Thorton anachosema. Nilitaka utani, yeye akatongoza.

Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, jamani. Dereva wa fuso la viazi akija na haraka, ukimwambia kwa adabu "samahani kaka, floti imeisha, nipe dakika kumi", anakaa kwenye benchi. Mwingine neno lile lile linampandisha hasira, anaona unamficha pesa. Huyo unamkatia kavu: "Haipo, jaribu ng'ambo." Anaenda, na kesho anarudi kwako. Adabu siyo kitu kimoja kwa watu wote. Mwaka juzi nilipigiwa simu na mtu aliyejiita mkaguzi, foleni ikiwa ndefu na mama mmoja akinigongea dirisha. Nikamjibu kwa upole kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mkubwa. Upole ule ulinigharimu laki mbili na nusu. Kwa hiyo mstari ule unapofupika kwenye skrini, tumbo langu linaujua.

Kila mhusika ana kipimo chake cha kukupenda au kukuchukia, na gemu hili halisemi kwamba kupendwa ndiyo kushinda. Ukichukiwa nako kuna faida zake. Mfano ni Marburg, adui unayekutana naye Roma. Kwa kawaida akizidiwa kwenye mapambano anajiondokea. Lakini ukiwa umekusanya taarifa zake vizuri, ukajua pa kumchoma kwa maneno, kiburi chake hakimruhusu kuondoka, na unammaliza pale pale. Taarifa hizo unaziokota kwenye kompyuta za watu, kwenye barua pepe, au unazinunua kwenye soko la magendo kwa pesa ileile ambayo ungenunulia bastola. Mimi nilinunua taarifa. Nina daftari la namba za matapeli dukani, najua thamani yake.

Sasa habari ya Nasri. Huyu ni muuza silaha wa mwanzo kabisa, kule Saudi Arabia. Ukimfikia unaweza kumkamata, kumuua au kukubaliana naye. Mimi nilikubaliana naye, siyo kwa huruma, nilitaka tu kuona. Baadaye namkuta kwenye lile soko la magendo ananiuzia vitu. Nikampigia mdogo wangu saa tano usiku. "Dada, Nasri yupi? Mimi nilimpiga risasi kitambo." Alikuwa amelimaliza gemu zima bila kujua kwamba mtu yule angeweza kuwa na duka.

Roma ndiko nilikozima laptopu. Madison, binti uliyemficha kwenye nyumba yako ya siri, ameshikwa. Wakati huohuo kuna mabomu kwenye jumba la makumbusho lenye watu. Huwezi kufika kote kuwili. Nilikwenda kwenye mabomu. Hakuna sauti iliyonisifu, hakuna alama iliyosema nimetenda wema. Madison aliuawa na gemu likaendelea. Na kwa kuwa hadithi yote inasimuliwa Thorton akiwa ameketi mbele ya Leland, bosi wa kampuni ya silaha ya Halbech, ulilolifanya unakuja kuulizwa. Ni kama kuhojiwa na shangazi aliyeshapata habari zote.

Nikisema upigaji risasi ni mzuri nitakuwa nadanganya. Mwanzoni unamlenga mtu aliye hatua tano na risasi inakwenda pembeni, kwa sababu hujaweka pointi za ujuzi kwenye bunduki. Walinzi wengine wanapita mbele yako kama hawajakuona. Kisha ukiukuza ujuzi wa bastola, unasimamisha wakati na kupiga watu kadhaa kwa mpigo, na ugumu wote unayeyuka. Kudukua kompyuta kwa kibodi na mausi ni mateso: herufi zinachezacheza, mkono mmoja unasogeza msimbo huu, wa pili ule, na muda unakwisha. Ndiyo maana niliazima pedi. Na Brayko wa Moscow, mpenda mambo ya miaka ya themanini, anayekuja na kisu kwenye jukwaa lenye taa za disko, alinifanya niache kucheza siku nne nzima. Sikuwa nimejenga mwili wala silaha kwa ajili ya mtu kama yule; nilijenga mdomo.

Anayetaka gemu la kupiga risasi tu apite. Mwenye subira ya kusoma watu alinunue, na alicheze walau mara mbili, maana mara ya kwanza hutaona ulichokikosa. Mimi nipo kwenye ya pili. Nimekuwa mbabe kwa kila mtu, Nasri nimemkamata, soko limepungua muuzaji, na mdogo wangu ametuma ujumbe kwamba Jumapili anapanda basi kuja kuchukua pedi yake.