Kolaji ama leso kwa kazi ya "mimi ni nani"
Kama unasomea sanaa hapa Mombasa na umepewa kazi ya kujieleza wewe ni nani, kolaji kwenye kanvasi ni rahisi, unafotokopi picha za nyumbani, gundi, rangi ya akriliki juu, ushamaliza, ila yani zote hufanana. Leso ndo mambo, yaja na pindo, mji (ule uwanja wa kati) na jina lake (ule msemo ulioandikwa), kwa hiyo we unashonea picha ya bibi pale kati kwa mji halafu jina unalipitishia uzi herufi kwa herufi mpaka yawe maneno yako. Biashara Street wauza kwa jozi, ukiharibu moja ingine ipo. Ubaya pamba hunywa rangi vibaya sana, usipoipaka gundi ya maji kwanza utalia bana. Mie bado nachukua leso.