Kabla hujanunua mbegu ya tango, uliza dume liko wapi

Huu ni ujumbe wa tatu mwezi huu, na malalamiko ni yaleyale. "Dada, matango yangu yamestawi, maua mengi mpaka raha, lakini kitunda kikifika urefu wa kidole kinageuka njano kinadondoka. Nimepiga dawa, nimeweka busta, ile mbolea ya kupulizia, wapi!" Nikamuuliza swali moja tu: mbegu ulinunua pakiti nzima au ulipimiwa? "Nilipimiwa." Basi, nikajua.

Nimejua kwa sababu yalinikuta. Mwaka juzi nilichukua ndoo 6 za rangi, zile za lita 20, nikazitoboa chini, nikajaza udongo na samadi, nikazipanga kwenye ukuta wa uani. Nikaenda duka moja la pembejeo pale Kariakoo, jina nalimeza. Muuzaji akaniambia, "Mama, matango ya kienyeji achana nayo, chukua chotara hii, inazaa kila jicho." Pakiti ilikuwa na mbegu 1,000. Mimi nataka kumi na kitu. Akavuta nyingine iliyokwisha kufunguliwa, akanihesabia mbegu 20 kwenye kipande cha gazeti, Sh6,000. Piga hesabu mwenyewe, kila mbegu Sh300. Nikalipa na asante juu.

Ziliota siku ya 4. Wiki ya 5 ukuta ukawa njano tupu, na kweli kila jicho, pale jani linapoota kwenye shina, lilikuwa na ua, na kila ua na kitango chake kidogo chenye miiba laini. Nikaanza kuwaahidi watu kachumbari. Kisha vikaanza kudondoka, kimoja kimoja, halafu kwa mkupuo. Nikanunua dawa, nikapiga. Nikabadilisha dawa. Siku hiyo jirani yangu, mama anayelima mchicha na matembele bondeni, alikuja kuazima ngazi. Akainama kwenye ndoo ya kwanza, akageuza ua kwa kidole, akageuza la pili, la tatu, akasogea ndoo ya pili. Akasimama, mkono kiunoni. "Haya yote majike. Dume liko wapi?"

Dume halikuwepo. Ndoo 6, dume hata moja.

Tango la kawaida hutoa maua ya aina mbili kwenye shina moja. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba, halina kitu nyuma. Ua jike lina kitango nyuma yake. Nyuki anatoa chavua, ule unga wa ua, kwa dume anapeleka kwa jike, na si mara moja: ua linafunguka siku moja tu, na likitembelewa mara chache unapata tango lililopinda kama ndoana au lililonenepa upande mmoja. Lakini wataalamu wa mbegu wametengeneza chotara zinazotoa majike karibu matupu, ndiyo hiyo "inazaa kila jicho". Kwa kuwa majike peke yao hayazai, kampuni huchanganya ndani ya pakiti mbegu chache za aina nyingine yenye madume, kwa kawaida 10 hadi 15 katika kila 100, na mara nyingi huzipaka rangi tofauti ili mkulima azitambue. Sasa fikiria pakiti imefunguliwa, mbegu zimemiminwa kiganjani, unahesabiwa 20. Za rangi zimebaki kule, au muuzaji amezitenga kabisa akidhani zimeharibika.

Ndiyo maana mpangilio wangu wa aina za mbegu za tango hauanzi na ukubwa wala urembo wa tango. Unaanza na dume.

Namba moja kwangu ni Marketmore 76, na sifichi, nina upendeleo. Ilitoka Chuo Kikuu cha Cornell huko New York mwaka 1976, si chotara, na madume na majike yanatoka kwenye shina lilelile. Tango lake ni la kijani kilichokoza, nene kiasi, halinyong'onyei haraka kwenye friji. Inastahimili batobato, ule ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka. Inachelewa kidogo, siku 65 hivi mpaka uvune, na wasio na subira huwa wananilaumu. Kitu kimoja cha kujua: madume hutangulia, wiki nzima au zaidi, na joto huzidisha madume. Ukipanda Dar mwezi wa 1 utaona dume juu ya dume ukadhani umepigwa. Hujapigwa, subiri. Ukiweza panda mwezi wa 6, kipupwe kikianza. Hapo mashina 4 yananitosha mimi na watoto, na jirani wa ngazi anapata lake.

Nafasi ya pili nimewapa mapacha, Ashley na Poinsett 76. Yote mawili yana asili ya South Carolina, kwenye joto na unyevu kama wetu wa pwani, na yanajulikana kwa kustahimili ugonjwa wa ubwiri vinyoya. Kama umeshaona majani ya tango wakati wa masika yanapata madoa ya njano yenye pembe, halafu yanakauka kama yamebabuliwa, huo ndio ubwiri vinyoya. Ashley inapatikana kirahisi zaidi madukani. Ikizeeka shambani inapauka, kwa hiyo vuna mapema, usisubiri iwe kama chupa ya soda.

Ya tatu ni yale matango madogo, laini, ya ngozi nyembamba yanayozaa bila kuchavushwa kabisa. Hayana mbegu za maana ndani, unakula na ganda lake. Kwa anayekaa ghorofa ya tano ambako nyuki hafiki, au mwenye kitalu nyumba cha neti, hayo ndiyo ningeyaweka ya kwanza. Pakiti iwe imeandikwa "parthenocarpic", herufi kwa herufi. Jina la Beit Alpha, aina ya matango madogo ya ngozi nyembamba, peke yake halitoshi, kwa sababu Beit Alpha za zamani zinahitaji nyuki kama kawaida. Na usiyachanganye na ya kawaida kwenye ukuta mmoja, maana nyuki wakiyaletea chavua yanaota mbegu na kuharibika umbo. Bei yake ni ya kukata pumzi.

Ya mwisho ni yale yaliyoniliza, yanayoandikwa "gynoecious", yaani ya majike karibu matupu. Si mbegu mbaya. Mwenye nusu eka, anayefungua pakiti nzima na kuipanda yote, anavuna mapema na kwa wingi. Sisi wa ndoo tuyaache.

Nje ya mpangilio kuna Straight Eight: ni ya bei nafuu na ni ya siku nyingi, inakufa na ubwiri mapema. Mbegu za kukamua kwenye tango la sokoni usinipigie simu.

Mtauliza uchungu. Bibi yangu alikata kichwa cha tango akasugua mpaka povu likatoka, akamaliza. Mwagilia kila siku bila kuruka, hilo ndilo la maana.

Kinachoniudhi hasa ni hii biashara ya kupima. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, inabaki kwenye pakiti ya dukani, tarehe ya mwisho wa matumizi inabaki huko, jina la aina linabaki huko, wewe unaondoka na kipande cha gazeti. Na kampuni nazo, nani aliwaambia kila mteja ana shamba? Wangefunga mbegu 20 kwa lakiri, hata kwa Sh3,000, wanawake wa mjini tungenunua kila msimu. Wanatuachia mtu anayepima kwa kiganja, na mazao yakigoma anakuuzia dawa. Halafu ukipiga dawa hiyo asubuhi unaua na nyuki wachache waliokuwa wanakusaidia. Dawa hupigwa jioni, maua yakishafunga.

Kama umepata mashina yenye madume lakini nyuki hawaji, saa 2 asubuhi chuma ua dume, bandua petali zote mpaka kibaki kijiti cha katikati, kiguse taratibu katikati ya ua jike ukizungusha. Dume moja linatosha majike mawili au matatu.

Yule dada wa ujumbe wa tatu nimemwambia asing'oe kitu. Apande mashina 2 ya Ashley pembeni, dume lolote la tango linafaa. Amenijibu jana: muuzaji wake amesema Ashley hana, ila ana busta mpya.