Element na Matrix kwa timu ya majahazi: uzoefu wangu Lamu

Haya ni maelezo ya jinsi tulivyochagua programu ya kutumiana ujumbe kazini. Kazi yetu ni safari za jahazi na vyumba vya wageni. Ofisi iko Amu mjini, manahodha wako Shela na Matondoni, na wenzetu wanaotuletea wageni wako Malindi. Kutwa tunatumiana picha za pasipoti, saa za ndege za Manda na risiti za malipo. WhatsApp kwa usiri haina neno, maana tangu 2016 husimba ujumbe mwanzo hadi mwisho, yaani aliyetuma na aliyetumiwa tu ndio husoma. Ila kila anayeingia kwenye grupu, hata kibarua wa msimu mmoja, hupata namba za simu za wote. Hilo sikulitaka.

Signal naipenda, nayo ni programu huria, lakini seva, yaani kompyuta zinazopitisha ujumbe, ni za mwenye programu na usajili unadai namba ya simu. Nikajaribu XMPP, itifaki (kanuni za kutumiana ujumbe) ya tangu 1999, kwa programu ya Conversations. Nyepesi ajabu! Prosody, programu ya seva ya XMPP, hukaa hata kwenye kompyuta dhaifu. Kama timu yenu ni ndogo na nyote mna Android, ishieni hapo. Sisi ilitushinda kwenye historia: kwa OMEMO, usimbaji unaotumiwa na Conversations, simu mpya haisomi yaliyopita, na mazungumzo ya wageni wa Desemba huanza Agosti.

Ndipo tukatua kwa Matrix, itifaki nyingine iliyoanza 2014, na programu yake ya Element. Malindi wana seva yao, sisi tuna yetu, na chumba cha mazungumzo ni kimoja. Stima ikipotea Amu na seva ya ofisini ikazima, wao huendelea kuandikiana. Ikirudi, ujumbe wote hujaa mahali pake. Serikali ya Ufaransa imejenga programu yake ya ujumbe, Tchap, juu ya itifaki hii hii, na jeshi la Ujerumani lina yake, BwMessenger, kwa hiyo si mchezo wa vijana wa kompyuta.

Kazi iko kwenye funguo za siri zinazofungua ujumbe uliosimbwa. Ukithibitisha kifaa kipya, skrini zote mbili, ya kifaa kipya na ya cha zamani, huonyesha picha saba, nazo lazima zifanane. Nahodha wetu mkubwa aliishika simu mbali na macho, akasoma polepole: "Nanga. Pweza. Kasa. Mwanangu, programu hii yajua bahari." Picha iliyofuata ikawa nguruwe.

"Astaghfirullah!"

"Ami, wewe bonyeza tu kwamba zafanana."

Halafu kuna ufunguo wa kurejesha, mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu. Simu ikitumbukia majini, na hapa simu hutumbukia, huo ndio unaofungua ujumbe wa zamani kwenye simu mpya. Ukipotea na huna kifaa kingine kilichoingia, hata mwenye seva hawezi kukusaidia. Sisi tumeandika wa kila mtu kwenye karatasi, ndani ya bahasha, kabatini ofisini. Wataalamu wa usalama watanuna, lakini karatasi haiishi chaji.

Mengine ya kujua mapema. Mwenye seva hasomi maneno, lakini anaona nani yumo chumba gani na ameandika lini. Jina la chumba pia halisimbwi, basi usikiite kwa jina la mgeni. Anwani ya seva huingia kwenye jina la kila mtumiaji na haibadilishwi baadaye, chagueni vizuri. Synapse, programu ya seva ya Matrix tunayotumia, nayo ina njaa ya kumbukumbu na diski, hasa watu wakijiunga na vyumba vikubwa vya umma. Kwa akaunti za kazi tumekataza. Element tuliyoipakua F-Droid, duka la programu huria za Android, ilichelewesha arifa, kwa hiyo manahodha wote wanatumia ya Play Store.

Kama hamna mtu wa kusasisha seva na kuweka nakala rudufu, msijenge yenu. Fungueni akaunti kwenye seva iliyopo. Kwetu kazi hiyo anaifanya binamu yangu kila Ijumaa asubuhi kabla ya msikiti, na hulipwa.